Mguu Unaoitwa Ngoja

Mugisho mwanangu,

Barua hii utaikuta imekunjwa ndani ya pasipoti yako, kwa hiyo najua utakapoisomea: kwenye foleni ya daraja la Ruzizi, mpakani, nyuma ya mama fulani mwenye beseni la dagaa wa sambaza. Usilie mbele yake. Atakuuliza kuna nini, utaanza kumweleza, na foleni itakupita.

Naandika mchana, siku moja kabla hujaondoka. Wewe umekwenda Nyantende kumuaga shangazi yako. Mimi nimekaa kwenye meza yangu ya kazi, nimesogeza pembeni redio ya jirani niliyoifungua tangu juzi, na mama yako amelala chumba cha pili. Ukuta wetu ni wa mbao, unaujua. Haya ningekuambia kwa mdomo ningepiga kelele, wewe ungelia, yeye angesikia, na kesho usingeondoka. Ingekuwa mara ya tatu.

Mambo ya sweta, dawa za malaria, jina la padri wa kule na namna ya kuficha simu ndani ya basi, mama yako ameshakufundisha, na ameyarudia mpaka mende wa jikoni wameyashika. Mimi sina la kuongeza. Ukisahau sweta utatetemeka, na ukishatetemeka hutasahau tena.

Ninachotaka kusema ni kwamba hujui kuondoka. Mara ya kwanza ulifika hadi hapo darajani unaposimama sasa, ukapanga foleni, kisha ukarudi nyumbani na sanduku begani ukisema watu walikuwa wengi. Ng'ombe wote wa Kabare wangevuka kwa muda uliokaa pale. Mara ya pili hukutoka hata mlangoni. Mama yako alikohoa, ukaweka begi chini, ukamwambia, "Maman, nitaenda wiki kesho." Akakutazama, akageukia ukuta. Ulidhani anaficha machozi ya furaha. Sasa chuo kilichokupokea kule Nairobi kimeandika kwamba usipofika safari hii nafasi yako atapewa mwingine. Hakuna wiki kesho tena.

Unamjua Mufaransa na unamjua Mungereza, pengine kuliko unavyowajua binamu zako. Umekua ukiwaona kwenye rafu juu ya meza hii: kompyuta mbili za zamani, za wakati ule ambapo kompyuta ya nyumbani ilikuwa klavye nene tu, ubao wa vitufe, unaichomeka kwenye televisheni na kuilisha programu kwa kaseti. Ubongo wa Mufaransa ni prosesa ya 6809, na saa yake hupiga mara milioni moja kwa sekunde. Mega moja, tulivyokuwa tukisema. Mungereza ana Z80, mega nne. Ulipokuwa mdogo uliniuliza nani kati yao ana mbio zaidi, nikakujibu kamwulize mama yako. Ulidhani nimechoka na maswali yako. Nilikuwa nimechoka kweli, lakini pia nilikuwa naona haya.

Wakati nchi ingali Zaire, tulikuwa na Frère mmoja, bruda Mbelgiji aliyetufundisha elektroniki, Frère Odilon, mtu mrefu mwenye sandali za ngozi na ulimi mbaya. Ndiye aliyeleta hizo mashine mbili; shule za kwao zilikuwa zinazitupa. Likizo kubwa moja alifungua darasa kwa wasichana wa lycée, sekondari ya jirani, pia. Akaweka mashine mezani, akasema tugawane makundi mawili, kila kundi liandike programu ya kuzidisha namba, maelfu ya namba, na tuone nani atamaliza kwanza. Sisi wavulana tulimrukia Mungereza kama watu wanaogombania mkate.

"Iko mega ine!" nilisema. "Baachieni babinti ile ya mega moja. Nabo banatembeaka pole pole."

Nilisema kwa sauti ili mmoja wao anisikie. Yeye alichukua kitabu cha Mufaransa, akaenda kukaa karibu na dirisha, akasoma siku nzima bila kugusa klavye. Sisi tulimcheka. Yule ndiye Nsimire, mama yako.

Sasa nifuate taratibu, maana jambo hili ulilisoma ukafaulu na hukulielewa. Kila pigo la saa, prosesa hupiga hatua. Lakini hatua si kazi. Z80 hata amri yake ndogo kuliko zote hula mapigo manne, na nyingi hula zaidi. 6809 huanzia mapigo mawili. Halafu Z80 hajui kuzidisha. Waliomtengeneza hawakumfundisha. Ukitaka akuzidishie saba kwa tisa, unamwandikia kitanzi: sogeza, jumlisha, sogeza, jumlisha, mara nane, na mamia ya mapigo yanakwisha kwa jibu moja. 6809 ana amri ya kuzidisha mwilini mwake. Mapigo kumi na moja, jibu hili hapa. Mama yako aliiona amri hiyo kitabuni. Mimi sikufungua kitabu. Nilikuwa na mega nne, kitabu cha nini?

Tulianza pamoja. Mungereza alikuwa bado anahangaika pale Mufaransa alipoandika kwenye televisheni kwamba amemaliza. Nsimire alikunja mikono, akaja kusimama nyuma yangu.

"Mega ine," akaniuliza, "munafika wapi?"

Darasa zima lilicheka, na Frère Odilon alicheka kuliko wote. Aliniambia, kwa Kiswahili chake cha misheni, kwamba mimi nahesabu hatua za punda na sitazami kama amebeba kitu. Kuna kazi nyingine ambazo Mungereza angeshinda, nakuambia kwa haki. Lakini hiyo ndiyo kazi tuliyopewa. Nilimuoa mama yako kwa sababu sikupata njia nyingine ya kumfunga mdomo, na hiyo pia haikufaa. Mpaka leo chakula kikichelewa nikauliza, anasema, "Ngojea, miye niko mega moja."

Wewe hapa Cimpunda wanakuita Mega. Ni jina alilokupa tonton Déo, mdogo wangu, kwa vile unajibu kabla swali halijaisha. Mama yako hakulipenda jina hilo tangu siku ya kwanza. Mimi nililipenda. Nilidhani nimezaa mashine niliyoitaka.

Unakumbuka ulipobadilisha kwatsi ya Mungereza? Ulikuwa na miaka kumi na mitano hivi. Kwatsi ni kile kijiwe ndani ya kopo la bati kinachotikisika na kuipa saa mapigo yake. Ulisikia mahali fulani kwamba ukiweka kwatsi ya juu zaidi, prosesa inaongeza mbio. Ni kweli. Ukaing'oa ya zamani kwa chuma cha kulehemu, ukaweka nyingine uliyoitoa kwenye kadi ya mashine iliyokufa. Ukaandika programu ndogo inayohesabu, inamuuliza Mungereza saa mwanzoni na kumuuliza tena mwishoni. Jibu likatoka sawasawa na lile la kwatsi ya zamani. Ukaudhika. Picha kwenye televisheni ilikuwa inayumba, ukasema televisheni imezeeka. Ukaweka kwatsi kubwa zaidi. Jibu lile lile. Ukang'oa na hiyo, ukang'oa pamoja nayo vijia vya shaba vya kadi mama, ule ubao wa chipu zote, na Mungereza akanyamaza. Nilimfufua baadaye, macho yakiniuma.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni tangu mwanzo. Nilijua kosa lako kabla hujawasha. Mungereza huhesabu sekunde zake kwa kwatsi hiyo hiyo. Ukiiongezea mbio, na sekunde zake zinafupika, kwa hiyo akijipima atakuambia siku zote kwamba hakuna kilichobadilika. Alikuwa amekwenda mbio kweli, na hukuamini, kwa sababu ulimuuliza yeye mwenyewe. Saa ya mkono ya mama yako ilikuwa inaning'inia kwenye msumari, hatua mbili kutoka ulipokaa. Nilinyamaza. Nilitaka kuona utafika wapi, na nikaona.

"Juu ya nini haukumwambia mutoto?" mama yako alinigombeza usiku ule.

"Ajifunze," nilisema.

"Amejifunza nini? Amejifunza kama papa yake anaangaliaka tu."

Alikuwa na haki. Lakini leo siangalii tu, leo nakuambia, nawe vumilia. Wewe nawe tumekupima kwa saa yetu wenyewe. Pale shuleni ninapofundisha, elektroniki ulikuwa wa kwanza: nani alisahihisha? Mimi. Hesabu ulikuwa wa kwanza: nani alisahihisha? Tonton Déo, mwalimu mwenzangu, anayekula kwetu kila Jumapili. Hatukukuibia alama hata moja, hilo naapa. Tuliuliza tu yale tuliyokuwa tumezungumza mezani mbele yako tangu ulipokuwa unanyonya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tumekusifu mpaka tembo limekuwa maji matupu.

Kule Nairobi utakaa na watoto ambao umeme wao haukatiki katikati ya somo na walioshika kompyuta mpya wewe ukiwa bado unapuliza vumbi kwenye klavye ya Mufaransa. Hutakuwa wa kwanza. Utakuwa wa katikati, na mwaka wa kwanza pengine nyuma ya katikati. Kiingereza chako ni cha kuomba msamaha. Ukifungua mdomo watacheka, si kwa ubaya, watacheka tu. Nakuambia haya na nasikia raha kidogo kuyasema, sikufichi, maana umenichosha na ile sura yako ya mshindi. Usiwaeleze habari ya vita na madini ili wakuonee huruma. Huruma itakupa chai na mkate siku moja, siku ya pili watakukwepa.

Najua utakachofanya ukishaona umekuwa wa nyuma. Hutasema, "Nimeshindwa." Utasema, "Mama yangu mgonjwa." Utalisema polepole, macho chini, na kila mtu atakushika bega na kukuchangia nauli ya basi. Hilo ndilo ninaloliogopa, Mugisho. Siogopi ushindwe. Naogopa usipate kujua kamwe kama ulishindwa.

Nalijua kwa sababu ni langu.

Z80 ina miguu arobaini, hiyo miguu ya bati inayoingia kwenye soketi. Mguu wa ishirini na nne unaitwa Ngoja. Umeandikwa hivyo kwa Kiingereza kwenye mchoro, na wewe mwenyewe umeupima kwa mita mara nyingi. Ukivutwa chini, prosesa inasimama pale pale ilipo, amri haijaisha, mkono umenyooshwa kuelekea kumbukumbu, na inabaki hivyo mpaka mguu uachiwe. Kwa Mungereza anayeuvuta ni yule chipu mwenzake anayechora picha. Wote wawili wanachota kumbukumbu moja, na picha haitakiwi kutikisika, watazamaji wasije wakalalamika. Basi chipu wa picha humshika mwenzake mguu kidogo, humwachia, humshika tena, siku nzima. Kwenye sanduku waliandika mega nne. Hawakuandika ni mapigo mangapi kati ya hayo anayatumia akiwa amesimama.

Frère Odilon alinipatia nafasi Ubelgiji. Hujawahi kuisikia hii, na mama yako ameisikia mara moja tu. Mahali pa kujifunza kuchora prosesa zenyewe, si kuzitengeneza zikiharibika; kuzichora, kuamua ipewe amri ipi mwilini na ipi ijitafutie. Tiketi ilikuwepo. Wiki hiyo nyanya yako wa Nyantende, mama yangu mimi, akalala kitandani akasema moyo unamwacha. Nikamwambia Frère anipe muda kidogo. Moyoni nilisema hivi, kwa maneno haya haya: nitangoja afe, kisha nitaenda.

Hakufa. Zaire ilikufa yeye akiwa anakufa. Vita vya kwanza vikapita, vya pili vikapita, na yeye bado anakufa. Wakati wa kukimbia aliinuka kitandani, akabeba gunia la maharage kichwani na kutuacha nyuma sisi wazima, alipofika salama akalala tena. Alikufa siku ya harusi yangu na kucheza mpaka jioni. Wewe ulipozaliwa alikuja kukushika, akasema sasa anaweza kwenda kwa amani, akabaki miaka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema. Mimi iliniumiza kila kitu. Frère Odilon alirudi kwao, akaandika barua mbili tatu, akaacha. Mtu mwingine alikaa kwenye kiti changu akachora anachochora.

Nilimchukia mama yangu. Soma tena ukitaka, nimeandika hivyo. Nilimpelekea dawa na sukari kila Jumamosi, nikakaa kwenye kigoda chake, nikamsikiliza anavyopumua, na nilipoona anapumua vizuri nilirudi Bukavu nimekasirika. Majirani wa Nyantende walinisifu. Mutoto muzuri, hakumwachaka mama yake. Nilikunja uso, wakadhani ni unyenyekevu.

Mwisho ulipokuja kweli, tulijua ni kweli kwa sababu hakuutangaza. Nilikuwa peke yangu naye. Nikafanya jambo ambalo mtu hatakiwi kumfanyia mama yake wakati kama ule. Nikadai.

"Maman," nilisema, "miye nilibakiaka hapa juu yako. Unajua?"

Akafungua jicho moja.

"Juu yangu?" alisema. "Miye nilizania uko unaogopa ndege. Njo maana nikalala. Nikasema, nijigonjweshe kidogo, mutoto apate cha kuambia batu, asione haya."

Kisha akacheka, kicheko kidogo kikavu, akaniuliza kama maharage yameanikwa. Baada ya siku mbili tukamzika.

Umeelewa? Mimi nilimngoja yeye afe ili niende. Yeye alingoja mimi nitokwe na hofu ili ainuke. Kila mmoja alikuwa amemshika mwenzake mguu, na wote wawili tulijiona watu wema. Na swali lake sijawahi kulijibu. Sijui kama niliogopa ndege. Nimelala nalo miaka yote hii na sijui, kwa sababu sikupanda. Labda niliogopa. Labda niliogopa wale Wabelgiji wenye vitabu kama nilivyopaswa kumwogopa Nsimire dirishani. Nilikosa hata mtu wa kumkasirikia. Nilipogeuka kumtafuta, alikuwa amezikwa na ameshanisamehe. Ndiyo maana nina ulimi huu. Majirani wanadhani ni akili.

Sasa mama yako. Yeye hajigonjweshi. Figo zake zimekwisha, daktari alituambia wewe ukiwa nje unanunua maji, na tulikupa maneno mepesi kwa sababu yeye aliomba hivyo. Haya ndiyo mazito: atakufa, na si baada ya miaka. Utakapokuwa hupo. Utakuwa kwenye mtihani, au unakula, au unacheka na watu ambao leo huwajui majina. Sitakupigia simu akizidiwa. Nitakupigia tukishamzika. Ndugu zangu nimeshawaambia, na tonton Déo ndiye atakayetupa udongo mahali pa mwana wa kwanza. Kwenye matanga watakuwepo wa kukusema, nitawaacha waseme kidogo, kisha nitawaambia kwamba hukumtoroka mama yako, tulikufukuza.

Unajiambia kwamba ukibaki utamsaidia. Umebaki miezi yote hii, basi tuhesabu msaada wako. Unakaa kwenye kiti unamtazama. Akikuona unamtazama anainuka, anajifunga kitenge vizuri, anakula vijiko vitatu vya bugali ili ufurahi, anacheka. Ukitoka tu anavitapika, mimi ndiye ninayeshika beseni. Hukujua hilo? Sasa unajua. Nguvu kidogo alizobaki nazo anazimaliza kukuchorea picha isiyotikisika. Unamchosha, Mugisho. Anakupenda na unamchosha, na akiwa na mimi peke yangu anaweza angalau kuugua kwa raha yake.

Asubuhi hii ulipoondoka kwenda Nyantende, kabla hujafika hata barabarani, aliniita.

"Kesho atarudia tena," alisema.

Nikamwambia safari hii nitazungumza naye. Akanitazama kama siku ile nyuma ya kiti changu.

"Weye na mazungumuzo yako. Uko na barua, uko na mifano ya mashini. Anarudiaka juu ya funguo iko nayo. Anajua akirudi anafungua tu, anaingia, bila kutugongea. Uende soko ya Kadutu, ulete kadena mupya."

"Nsimire," nilisema, "uko na hakika?"

"Miye niko nakufa, siko na wazimu. Nenda."

Nimekwenda. Nimenunua kadena, kufuli nzito ya shaba, ya lango. Aliniagiza nimwekee mkononi pale kitandani. Akaifunga, akaifungua, akaifunga tena, vidole vyake unavijua vilivyo sasa, ikamchukua muda na hakutaka nimsaidie. Funguo zote mbili amezifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Mimi mwenyewe nikitaka kutoka itabidi nimwombe.

Kwa hiyo leo asubuhi, ninaposema leo nina maana ya hii yako unayosoma, hakutoka kukuaga. Uliambiwa amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kitandani, wima, anasikiliza viatu vyako vikishuka ngazi za udongo, na viliponyamaza alinipa kadena nikaifunge. Ufunguo ulio nao hauna mlango tena mji huu. Ukirudi, utagonga. Atakujua kwa kugonga kwako, hatahitaji kuuliza ni nani, atashika ncha ya kitenge kwa mikono miwili, na hatafungua.

Papa yako